Gongo la kriketi lichaguliwe kwa kimo cha mtoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo huenda wasomaji wengi wa Nyanda za Juu Kusini wataliona dogo, lakini kwa sisi tunaowafundisha watoto mchezo wa kriketi ndilo linaloamua mara nyingi kama mtoto ataendelea na mchezo au atauacha kabla hajaujua. Nalo ni namna tunavyochagua magongo mapya msimu unapokaribia. Huku kwetu mvua zikishakatika na viwanja vikaanza kukauka, wazazi, walimu na wafadhili huanza kuulizana wanunue gongo gani, na katika maswali yao yote huwa sisikii mtu akiuliza kimo cha mtoto atakayelishika.

Hamasa ipo, na nina furaha nayo. Timu yetu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 19 ilipofuzu mwaka 2025 kucheza Kombe la Dunia la mwaka 2026 lililopangiwa Zimbabwe na Namibia, watoto ambao walikuwa wakijua mpira wa miguu peke yake walianza kuuliza habari za wiketi, yaani vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji, na mikimbio, yaani pointi za mchezo huo. Lakini gongo la kriketi si bidhaa ambayo mtu wa Mbeya, Iringa au Njombe anaingia dukani na kuilinganisha na nyingine kumi ukutani. Mara nyingi huagizwa Dar es Salaam kwa simu, likaja kwa basi likiwa limefungwa kwenye karatasi, na mnunuzi huliona kwa mara ya kwanza pale stendi. Kwa hiyo kosa likifanyika katika kuagiza, hakuna wa kulirekebisha, na mtoto hukaa nalo msimu mzima.

Kosa ninaloliona zaidi ni gongo kuwa kubwa mno. Mzazi hulinunua kwa mawazo yale yale ya kununua sare ya shule, kwamba mtoto anakua, basi apewe kubwa ili limfae miaka mitatu. Sare ikizidi, mikono hukunjwa na maisha yakaendelea. Gongo halikunjwi. Mwaka jana shule moja ya msingi ilipokea msaada wa magongo mapya, mazuri ya kutazama, yenye nembo za rangi, na yote yalikuwa ya ukubwa wa mtu mzima. Walioyatoa walikuwa na nia njema kabisa na ninawaheshimu. Hata hivyo, nilimtazama binti wa darasa la tano akisimama mbele ya wiketi na mojawapo ya magongo hayo: kichwa cha mpini kilimfika juu ya kiuno, kiwiko cha mkono wa juu kikambana mbavuni, na kila alipotaka kulinyanyua kuusubiri mpira, ilimbidi aliburuze kwanza kwa mkono wa chini. Mpira ulikuwa umekwisha kupita ndipo gongo linaanza kushuka.

Hilo si suala la mtoto kuwa dhaifu. Katika kupiga mpira wa kriketi kwa njia iliyonyooka, mkono wa juu ndio unaoongoza na wa chini unasaidia. Gongo likiwa zito kuliko nguvu za mkono wa juu, mkono wa chini hushika uongozi, ubapa, yaani sehemu pana inayopiga mpira, hugeuka, na pigo huwa la kufyeka kutoka pembeni badala ya kutoka nyuma kwenda mbele. Mtoto akizoea kufyeka kwa misimu miwili, kumrudisha kwenye pigo lililonyooka ni kazi ngumu kuliko kumfundisha anayeanza. Tena mpira unaomjia ni mgumu. Mpira wa ngozi wa wanaume una uzito wa kati ya gramu 156 na 163, na hata ule mdogo wa watoto wa chini ya miaka 13 una gramu zisizopungua 133. Mtoto asiyeweza kulileta gongo mbele kwa wakati hawezi kujikinga, na akishapigwa mara moja au mbili huanza kuuogopa mpira.

Magongo hutengenezwa kwa namba. Ya watoto huanzia namba ndogo na kupanda hadi 6, kisha huja saizi iitwayo Harrow, ambayo iko kati ya mtoto na mtu mzima, na ndipo hufuata saizi kamili. Watengenezaji hutofautiana kidogo, lakini kwa kawaida mtoto mwenye kimo cha sentimita 145 hadi 150 hufaa kutumia namba 4, wa 150 hadi 157 namba 5, na wa 157 hadi 168 namba 6. Harrow humfaa kijana anayekaribia sentimita 175, na anayezidi hapo ndiye wa saizi kamili. Tazameni vimo hivyo kwa makini, kwa maana wanafunzi wengi wa sekondari, na hata watu wazima wengi, hawafiki sentimita 175. Kijana wa kidato cha pili akiletewa namba 6 asione amedharauliwa. Hali kadhalika, wasichana na wanawake wengi wanacheza vizuri zaidi kwa Harrow au kwa saizi kamili iliyo nyepesi, na hakuna sheria yoyote inayomlazimisha mtu mzima kushika gongo kubwa.

Sheria za kriketi zinaweka mwisho wa juu tu. Gongo halitakiwi kuzidi urefu wa sentimita 96.5 na upana wa sentimita 10.8, na tangu Oktoba 2017 halitakiwi pia kuzidi unene wa sentimita 6.7, wala kingo zake kuzidi sentimita 4. Uzito haukuwekewa kikomo. Hapo ndipo vijana wetu wanapopotea, kwa sababu wanawaona kwenye simu wapigaji wa kimataifa wakiwa na kingo nene na wanaamini kwamba unene ndio nguvu. Wengine hunitajia Sachin Tendulkar, mpigaji mashuhuri wa India, ambaye ni kweli alijulikana kwa kutumia gongo zito, la takribani kilo 1.4. Huwajibu kwamba Tendulkar alilizoea tangu utotoni na alikuwa na mikono ambayo dunia haijaona mingi ya aina hiyo, na kwamba Don Bradman wa Australia, aliyemaliza mechi zake za Test, yaani zile ndefu za kimataifa, akiwa na wastani wa mikimbio 99.94, alitumia gongo jepesi kuliko yanayotumiwa na wapigaji wengi wa leo. Saizi kamili ya kawaida ina uzito wa kati ya kilo 1.1 na 1.3. Kwa kijana wa kwetu anayecheza mara mbili kwa wiki, gramu 50 za kupungua zina faida kuliko sentimita moja ya ukingo.

Kipimo ninachokiamini ni rahisi na hakihitaji fedha. Mtoto alishike gongo kwa mkono wa juu peke yake, yaani wa kushoto kwa anayepiga kulia, anyooshe mkono mbele hadi usawa wa bega, kisha alitulize hapo. Ubapa ukianza kutetemeka au ncha ikishuka kabla hujahesabu polepole hadi kumi, gongo hilo ni zito kwake. Baada ya hapo asimame kama anayesubiri mpira, alinyanyue nyuma na kulishusha mara kadhaa, maana magongo mawili yenye uzito uleule kwenye mizani yanaweza kuwa tofauti kabisa mkononi: lililorundikiwa mbao chini karibu na ncha huonekana zito, na lile ambalo mbao zake zimesogea juu huonekana jepesi. Kwa viwanja vyetu vya udongo mgumu na vile vya zege lililotandikwa mkeka, mimi hupendelea lenye unene wake katikati ya ubapa.

Nije kwenye mbao. Ubapa wa gongo la kriketi hutengenezwa kwa mti wa mwerebi, na mpini kwa henzirani zilizounganishwa kwa gundi, zikiwa na raba kati yake ili kupunguza mtikisiko. Mierebi inayotumika ni ya aina mbili kubwa. Ule wa Uingereza, unaolimwa zaidi mashariki mwa nchi hiyo katika majimbo kama Essex na Suffolk, ni laini na mwepesi, na huurudisha mpira kwa nguvu. Sehemu kubwa ya vipande vyake husafirishwa hadi India na Pakistani, ambako mafundi wa miji kama Meerut, Jalandhar na Sialkot huvichonga kuwa magongo. Ule wa Kashmiri ni mgumu zaidi, mzito zaidi, na bei yake ni ya chini sana. Kwa mashindano makubwa ya mpira wa ngozi hakuna ubishi kwamba mwerebi wa Uingereza ni bora. Lakini kwa shule inayoanza, yenye watoto 20 wanaopokezana vifaa, naona ni upotevu kununua gongo moja la Uingereza ilhali fedha hiyo ingeweza kuleta magongo kadhaa ya Kashmiri ya namba tofauti, ili mrefu na mfupi kila mmoja apate la kwake. Mradi tu, kwa kuwa mwerebi huo ni mzito, umakini kwenye uzito uongezwe mara mbili.

Kuhusu daraja, wasomaji wajue kwamba magongo ya mwerebi wa Uingereza hupangwa kwa madaraja kwa kutazama zaidi sura ya mbao: unyoofu wa mistari, weupe wa uso, na kutokuwepo kwa madoa. Doa la rangi ya kahawia au alama ndogo ya kovu haimaanishi kwamba gongo halipigi. Mistari inayoonekana ikishuka kutoka juu hadi chini ni miaka ya ukuaji wa mti. Ikiwa mingi na iliyobanana, gongo kwa kawaida huanza kupiga vizuri mapema lakini huchoka mapema. Ikiwa michache na mipana, huchelewa kuchangamka lakini hudumu. Kwa mtoto wa shule ningechagua lenye mistari michache iliyonyooka hata kama uso wake hauna mvuto, na ningekataa lile ambalo mistari yake inakimbilia ukingoni, kwani hapo ndipo ufa unapopenda kuanzia.

Mnunuzi akibahatika kulishika gongo kabla ya kulipa, atazame maungio ya mpini na ubapa, yale yenye umbo la herufi V, na apitishe ukucha juu yake. Pasiwe na mwanya wala gundi iliyomwagika kuficha mwanya. Aushike mpini kwa mikono miwili na kuukunja kidogo: ulegee kwa mbali na urudi, usilie. Alishike gongo kwa vidole viwili juu ya mpini na kuugonga ubapa taratibu kwa nyundo ya mbao au mpira wa zamani, kuanzia chini kwenda juu, akisikiliza. Mahali penye uhai mlio huwa wa kina na mpira huruka bila kusukumwa; kwenye ncha na karibu na maungio mlio huwa mkavu na mikono hutikisika. Gongo zuri lina eneo pana la mlio ule wa kwanza. Nembo, rangi na utepe wa kung'aa ningeomba viangaliwe mwisho kabisa, ikibidi kuviangalia.

Huulizwa pia, na ni swali la haki kwa watu wa ukanda wenye misitu kama wetu, kwa nini tusichonge magongo yetu wenyewe. Mufindi kuna shamba la miti la Sao Hill, Mafinga kuna mafundi wenye mashine, na Sheria inasema tu kwamba ubapa uwe wa mbao tupu, haikutaja mwerebi. Sharti hilo la mbao lilikazwa baada ya Dennis Lillee wa Australia kuingia uwanjani mjini Perth mwaka 1979 na gongo la alumini. Jibu langu ni kwamba kwa watoto wadogo wanaocheza na mpira wa tenisi, gongo lililochongwa na fundi wa hapa kwa mbao nyepesi ya paina linafaa sana, na ningependa kila shule ya msingi iwe nayo, mradi fundi apewe vipimo vya watoto na aulainishe mpini vizuri usiwachome vijiti. Kwa mpira wa ngozi halifai. Paina hupasuka kufuata nyuzi zake, na mlingoti ni mzito mno kwa mikono ya mtoto. Wapo pia wanaoitaja mianzi, ambayo Iringa na Njombe tunayo tele kwa ajili ya ulanzi, hasa baada ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge kuonyesha mwaka 2021 kwamba gongo la mianzi iliyobanwa na kugundishwa linaweza kupiga vizuri. Ni habari ya kutia moyo, lakini mwanzi ni jamii ya nyasi, si mbao, na kwa Sheria zilivyo gongo hilo haliruhusiwi katika mechi rasmi.

Gongo jipya likishafika halijawa tayari, na hili ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Uso wa mwerebi lazima upakwe mafuta ghafi ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani, kidogo tu, kijiko kimoja cha chai kwa mara moja, yakisambazwa kwa kitambaa kwenye uso, kingo na ncha, pasipo kuyagusisha na maungio wala nembo. Liachwe likiwa limelazwa usiku kucha, kisha lirudiwe mara moja au mbili. Mafuta ya alizeti yasitumike, hata kama yapo jikoni na bei yake ni nafuu, kwa sababu hayakauki kama ya kitani. Kama uso umefunikwa kwa karatasi ya plastiki ya kuulinda, yapakwe sehemu zilizo wazi peke yake. Baada ya hapo huja kazi ya kuligongagonga kwa nyundo ya mbao, polepole mwanzoni na kwa nguvu zaidi baadaye, na kingo zigongwe kwa kupapasa kwa mshazari, zisipigwe moja kwa moja. Kazi hiyo huchukua saa nne hadi sita kwa jumla na hugawanywa kwa siku nyingi. Maandishi ya dukani yanayosema kwamba gongo limekwisha kuandaliwa yasimfanye mtu aiache kabisa. Watoto wenyewe huipenda wakigawiwa zamu.

Hali ya hewa ya huku inaongeza jukumu. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wetu wa baridi ni mkavu, na mwerebi ukikauka kupita kiasi huchanika, hasa yale magongo yenye kingo nene na uzito mdogo ambayo mbao zake zilikaushwa sana tangu kiwandani. Gongo lisiegemezwe karibu na jiko la mkaa ili lipate joto, wala lisiachwe kwenye stoo yenye bati bila dari ambako mchana huwa tanuri. Msimu ukianza kabla nyasi hazijakauka, shida ni nyingine: ncha hunywa maji ya ardhini, huvimba, na kisha hupasuka. Kipande cha raba kilichogundishwa kwenye ncha huzuia mengi, na kwenye uwanja wa zege mimi hukihesabu kuwa cha lazima, kwa kuwa mpigaji hugongagonga gongo chini kila anapousubiri mpira. Na mtoto asipewe mpira mpya wa ngozi siku ya kwanza. Aanze na iliyochakaa.

Ombi langu la kwanza ni kwa wazazi, walimu wakuu na wote wanaotoa misaada: kabla ya kuagiza, wasimamisheni watoto ukutani, wapimeni kimo kwa futi ya fundi, andikeni orodha, na mwagize kwa orodha hiyo. Shule yenye watoto wa darasa la nne hadi la saba itahitaji zaidi namba 3, 4 na 5, na pengine namba 6 moja. Ombi la pili ni kwa wauzaji wa vifaa vya michezo wa Dar es Salaam wanaotuhudumia sisi wa mbali. Mnapotuma picha ya gongo kwenye simu, tuma picha ya uso iliyochukuliwa kwenye mwanga wa jua, si ya nembo ya nyuma. Tuma picha ya maungio. Na liwekeni gongo kwenye mizani, mtuandikie gramu zake. Mizani ya kawaida ya duka la jirani inatosha, na sisi huku tutalipa nauli ya kifurushi tukijua tunachokisubiri.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa michezo,
Uyole, Mbeya.